Mgomba Uliopandwa kwa Ajili ya Mvua

Wazee wangu mliokaa mbele, walimu wangu, na ninyi vijana wa ubunifu wa majengo mliojaa huko nyuma mpaka mlangoni: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine wote habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie bustani za kale za China, hasa maana ya kiroho na ya kifalsafa iliyomo ndani yake. Naomba nianze na mgomba.

Mashariki mwa China, karibu na Shanghai, uko mji wa mifereji unaoitwa Suzhou. Katika mji huo mna bustani ya hekta tano na ushei, Zhuozheng Yuan. Ndani yake kuna ua mdogo, na uani humo kuna chumba kiitwacho Tingyu Xuan, yaani chumba cha kusikilizia mvua. Mbele yake pana kidimbwi chenye mayungiyungi, pembeni mianzi, na karibu na dirisha imepandwa migomba.

Mimi ni mtoto wa Bukoba. Nimelelewa kibanjani, na mgomba naujua kuanzia shina hadi mkungu. Tunapika ndizi zake, nyingine tunazikamua, jani tunafunikia chungu, na maganda makavu tunafungia mizigo. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoiona migomba ile, swali langu lilikuwa la mkulima: inazaa ndizi gani? Mwalimu wangu wa chuoni, aliyenipeleka pale, akanijibu kwamba haizai ndizi ya kuliwa. Ni mgomba wa jamii nyingine, unaovumilia baridi, na waliupanda kwa ajili ya majani. Tone la mvua likianguka juu ya jani pana la mgomba lina mlio wake. Likianguka juu ya yungiyungi lina mlio mwingine, na likipita kwenye mianzi linakuwa kama mnong'ono. Mvua ni moja, sauti tatu, na chumba kimejengwa ili mtu akae kimya azisikilize.

Nilinyamaza. Sauti ile ndiyo iliyonilaza usingizi miaka yote ya utoto wangu. Niliisikia kila masika, wala haikunipitikia kamwe kwamba mtu anaweza kupanda mgomba kwa sababu yake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ni watu wa namna gani hawa, na walikuwa wanatafuta nini?

Jibu nililolipata si lile nililolitarajia. Nilidhani nitaambiwa ni watu wenye raha na mali nyingi. Mali walikuwa nayo, sikatai. Lakini ukifuatilia bustani mashuhuri za Suzhou moja baada ya nyingine, mara nyingi unakuta mwanzoni mwake mtu aliyeumia. Aliyefukuzwa kazi, aliyeshushwa cheo, aliyechoshwa na fitina za ikulu akarudi nyumbani na moyo mzito. Hilo ndilo ninalotaka tulielewe jioni ya leo. Bustani hizi zilijengwa na watu waliokuwa wakijitibu, na kila jiwe na kila kona ni sehemu ya tiba hiyo.

Tumtazame mwenye migomba. Aliitwa Wang Xiancheng, afisa wa enzi ya Ming. Alishushwa cheo, kisha akaacha utumishi akarudi Suzhou, na mnamo mwaka 1509 akaanza kujenga. Jina la bustani yake alilitoa katika maandishi ya Pan Yue, mshairi aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Pan Yue alikuwa amesema kwamba kumwagilia bustani na kuuza mboga, huo nao ni utawala, utawala wa mtu asiyejua ujanja. Jina Zhuozheng limebeba maneno hayo: kutawala kwa asiye mjanja. Anayepita mlangoni anasoma maungamo ya mwenye nyumba kabla hajaona ua hata moja. Niongeze kwamba Pan Yue mwenyewe aliuawa mwaka 300 katika misukosuko ya siasa. Aliisifu mboga, lakini ikulu hakuiacha. Wachina waliosoma walilijua hilo, na nadhani ndiyo maana jina lile lina uzito: ni nadhiri ambayo aliyeitamka kwanza hakuitimiza.

Sasa tuingie ndani. Naomba mtembee nami, kwa sababu bustani hizi huwezi kuzielewa ukiwa umesimama.

Kwanza kuna ukuta. Kwa nje huoni kitu. Katika bustani ya Liuyuan, iliyo katika mji huohuo, ukishapita lango unajikuta kwenye ujia mwembamba wenye mwanga hafifu, unaopinda huku na huku, una viua vidogo vinavyopokea mwanga kutoka juu kisha giza linarudi. Unaanza kujiuliza kama umepotea. Halafu, kupitia dirisha lenye nakshi, unaona maji na miti kwa vipande vipande, na hatua chache mbele ziwa zima linafunguka.

Msomi wa Kichina anapopita ujia ule anakumbuka kisa kilichoandikwa na Tao Yuanming, mshairi aliyefariki mwaka 427. Mvuvi mmoja alifuata mto uliopambwa na mifyulisi iliyochanua hadi akafika mwisho wake. Akaona tundu mlimani. Likawa jembamba kiasi cha kumpitisha mtu mmoja tu, akapenya, na ng'ambo akakuta kijiji chenye amani, ambacho watu wake hawakuwa na habari za vita wala za wafalme waliopita. Tao Yuanming mwenyewe aliacha kazi ya serikali akisema hatainama kwa ajili ya vipimo vitano vya mchele, yaani ujira wake, akarudi shambani. Mbunifu wa bustani hakuandika kisa hicho ukutani. Amekifanya kipite katika mwili wako. Umekuwa mvuvi bila kuambiwa.

Vijana wangu, hapo ndipo ninapoona ukubwa wa sanaa hii. Maana haikubandikwa juu ya jengo kama pambo. Imetiwa katika mwendo wa miguu, katika kuinama, katika kusubiri. Daraja la juu ya bwawa linakwenda kombokombo. Wapo wanaosimulia kwamba pepo wabaya huenda mstari ulionyooka tu, hivyo hawawezi kulivuka. Kisa hicho kinapendwa na wageni, lakini jaribuni kulivuka daraja lenyewe. Kila kona inakulazimisha upunguze mwendo, na kila unapogeuka umepewa mandhari nyingine: jiwe, kisha mti, kisha kibanda kilichojificha nusu. Daraja limekunyang'anya haraka uliyokuja nayo, na kwa mtu aliyetoka ikulu, haraka ndiyo iliyokuwa ugonjwa wake.

Neno la Kichina la mandhari ni shanshui. Shan ni mlima, shui ni maji. Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, alisema kwamba mwenye hekima hufurahia maji, na mwenye utu hufurahia milima. Nimetumia neno utu makusudi, maana sioni neno jingine la Kiswahili linaloweza kubeba lile la Konfusio. Mlima umetulia, una subira, unalisha kila kiumbe bila kubagua. Maji yanatembea, yanapita penye kizuizi bila kugombana nacho. Ndiyo maana bustani isiyo na jiwe na maji haihesabiki kuwa bustani, hata ikiwa na maua elfu. Na kwa kuwa mlima halisi hauingii uani, waliuleta kwa njia ya jiwe.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mawe haya niliyapenda taratibu, na sasa yananigusa kuliko kitu kingine chochote mle.

Ziwa Tai liko karibu na Suzhou. Mawe yake ni ya chokaa, na maji yameyala kwa muda mrefu mno hata yakatoboka matundu na kupata maumbo ya ajabu. Walioyapenda waliyapima kwa sifa nne: liwe jembamba na wima, liwe na mikunjo, liwe na mifereji ya kupitisha maji, na liwe na matundu yanayopitisha mwanga. Tazameni sifa hizo. Zote zinasifia kile kilichoondoka katika jiwe. Jiwe zima, gumu, lililojaa, halina thamani kwao. Lenye thamani ni lile ambalo maji yameliumiza likabaki limesimama. Pale Liuyuan kuna moja linaloitwa Guanyun Feng, lenye urefu wa mita sita na nusu. Nimewahi kulizunguka asubuhi nzima, na kila upande ni jiwe jingine.

Laozi, ambaye mafundisho yake ndiyo chimbuko la Utao, falsafa ya Kichina ya kuishi kwa kufuata mwendo wa asili, alisema kwamba mtu hufinyanga udongo akapata chungu, lakini kinachofaa katika chungu ni ule utupu wa ndani. Hutoboa milango na madirisha akapata chumba, na kinachofaa katika chumba ni pale pasipo na ukuta. Wafinyanzi wetu wangemwelewa mara moja. Ukilitazama jiwe la Ziwa Tai baada ya kusikia maneno hayo, unaona kwamba mafundisho yote yamo mle, katika matundu.

Afisa mmoja wa enzi ya Song, Mi Fu, aliyekuwa pia bingwa wa kalamu na wino, alikutana na jiwe kubwa la namna hiyo alipokwenda kushika kazi mahali papya. Akavaa mavazi yake rasmi ya kiserikali, akaliinamia kwa heshima zote, akaliita kaka. Watu walimwita kichaa. Mimi simwiti hivyo. Mtu ambaye kutwa nzima kazi yake ni kuwainamia wakubwa alipata mara moja katika maisha yake kitu alichoona kinastahili kuinamiwa.

Lakini mapenzi hayohayo yanaweza kuoza, na nisingekuwa mkweli kwenu nikilificha hilo. Mfalme Huizong, wa enzi hiyohiyo ya Song, alitaka bustani ya mawe iliyo kubwa kupita zote katika mji wake mkuu, Kaifeng. Misafara ya mashua iliyabeba mawe na miti kutoka kusini, mali za watu zikachukuliwa, na hasira ya wananchi wa kusini ikachangia uasi ulioanza mwaka 1120 chini ya Fang La. Haikupita miaka kumi, majeshi ya Wajurchen, watu wa kaskazini, yakauzingira mji. Wakati wa mzingo huo mawe ya bustani ya mfalme yalivunjwavunjwa ili yarushwe kwa mitambo ya vita, na paa wake wakachinjwa kuliwa na watu wenye njaa. Mwaka 1127 utawala wake ulikuwa umekwisha, naye ni mateka. Jiwe lililokusudiwa kumfundisha mtu unyenyekevu lilikuwa limegeuka kuwa tamaa. Wanyonge ndio waliolipa.

Turudi Suzhou, penye vitu vidogo. Bustani ninayoipenda kuliko zote ni Wangshi Yuan, jina lenye maana ya fundi wa nyavu, yaani mvuvi. Mwanzo wake ni afisa mwingine aliyeuacha utumishi katika karne ya 12, akapaita mahali hapo maficho ya mvuvi. Ukubwa wake ni kama nusu hekta, nyumba zikiwemo. Uwanja wa mpira ni mkubwa kuliko hapo. Ila ukisimama kando ya maji yake unahisi upana. Siri ni kwamba huoni maji yanakoishia. Pembe moja inaingia chini ya daraja dogo la jiwe, unalolivuka kwa hatua tatu tu, na pembe nyingine inapotelea mapangoni. Daraja likiwa dogo, ziwa linakuwa kubwa. Akili yako ndiyo inayomalizia mto usiokuwepo.

Ua mmoja wa bustani hiyo ulichukuliwa kuwa kielelezo cha ua uliojengwa ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, uliofunguliwa mwaka 1981. Mafundi 27 walitoka Suzhou kwenda kuujenga. Hilo nalitaja kwa ajili ya vijana wanaodhani kwamba kazi ya mikono haivuki bahari.

Ubudha nao umo. Bustani ya Shizilin, yenye jina la msitu wa simba, ilianzishwa mwaka 1342 na mtawa wa madhehebu ya Chan, Tianru, kwa kumkumbuka mwalimu wake. Ni vilima vya mawe vilivyotobolewa njia ndani kwa ndani, unapanda, unashuka, unamsikia mwenzako yuko hatua mbili lakini humfikii. Wengi hupachukulia kama mahali pa watoto kuchezea kibe. Na watoto wanacheza kweli, wanafurahi. Sioni kwamba mtawa angechukia.

Nitawasimulia pia habari ya samaki, maana katika bustani hizi kuna vibanda kadhaa vilivyojengwa kwa ajili ya kisa hicho kimoja, na pale Liuyuan kimoja kinaitwa Haopu Ting kwa sababu yake. Zhuangzi, mwanafalsafa wa Kitao, alikuwa akitembea na rafiki yake Huizi juu ya mto Hao. Akasema: tazama samaki wanavyozunguka kwa raha, hiyo ndiyo furaha ya samaki. Huizi akamwuliza: wewe si samaki, umejuaje furaha ya samaki? Naye akajibu: wewe si mimi, umejuaje kwamba sijui? Wakabishana hivyo, na mwishoni Zhuangzi akasema kwamba amejua akiwa palepale, juu ya mto. Hakutoa hoja nyingine. Basi mbunifu anajenga kibanda ukingoni mwa maji, chini chini, karibu na samaki, anakuweka pale ambapo Zhuangzi alisimama. Ukijua, umejua. Usipojua, hakuna wa kukueleza.

Na mayungiyungi je? Zhou Dunyi, mwanafalsafa wa karne ya 11, aliandika kwamba analipenda yungiyungi kwa kuwa linatoka katika matope bila kuchafuka, na harufu yake kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyozidi kuwa safi. Ukumbi mkuu wa bustani ya Wang Xiancheng unaitwa Yuanxiang Tang, ukumbi wa harufu ya mbali, kutokana na maneno hayo. Mtu aliyekaa serikalini, akaona rushwa na uongo, anakaa ukumbini mwake majira ya joto na harufu ile inamfikia kutoka ng'ambo ya maji. Tena mmea wenyewe haung'olewi ukinyauka. Katika bustani hiyohiyo kuna kibanda kingine kilichopewa jina kutokana na beti la mshairi Li Shangyin, aliyesema kwamba majani makavu ya yungiyungi yaliachwa ili mvua isikike juu yake. Hata kilichokufa kimepewa kazi ya kufanya.

Kuna fundi mmoja ambaye lazima nimtaje, Ji Cheng, mzaliwa wa mwaka 1582 katika eneo lilelile la Suzhou. Alianza kama mchoraji, akawa mjenzi wa bustani, na mwaka 1631 alikamilisha kitabu cha ujenzi wa bustani, Yuanye. Humo amesema kwamba bustani hata ikitengenezwa na mtu, ionekane kana kwamba mbingu ndiyo iliyoifungua. Ameeleza pia jambo linaloitwa kuazima mandhari. Pale kwa Wang Xiancheng, ukisimama upande wa mashariki ukatazama magharibi juu ya maji, unaona mnara mrefu umesimama mwishoni kabisa, kati ya miti, kama sehemu ya bustani. Mnara huo ni wa hekalu la Beisi, uko nje ya ukuta, mitaa kadhaa mbali. Mwenye bustani hakuwahi kuumiliki. Aliacha nafasi tu, asipande mti wa kuuziba. Ninyi mnaopewa kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini mkalalamika, nendeni mkasimame juu yake jioni mkatazame ni nini cha majirani kinachoweza kuazimwa: mwembe, mnara wa msikiti, kipande cha bahari.

Inasimuliwa kwamba baada ya Wang kufa, mwanawe aliipoteza bustani yote kwa kamari, usiku mmoja. Baadaye imekuwa na wenyewe wengi, imegawanywa, imeunganishwa. Na tusisahau kwamba kuta zile ziliwafungia watu vilevile. Kwa wanawake wengi wa nyumba kama zile, ambao desturi iliwazuia kutoka, njia hizo za kombokombo ndizo zilizokuwa dunia nzima. Kila ninapozisifu nawakumbuka.

Namalizia na bustani iliyo kongwe kuliko zote nilizozitaja. Mwaka 1044 afisa kijana wa enzi ya Song, Su Shunqin, mshairi, alifukuzwa kazi. Kosa lake lilikuwa kuuza karatasi chakavu za ofisi ili kugharimia karamu ya wenzake. Kosa halisi, kama wajuavyo waliofanya kazi maofisini, ni kwamba alikuwa upande wa waliotaka mageuzi, na mkwewe alikuwa waziri mkubwa aliyekuwa akiwindwa. Akaja Suzhou. Akaona eneo lililotelekezwa, lenye maji pande zake, akalinunua kwa sarafu elfu arobaini, akajenga kibanda kando ya maji.

Akakiita Canglang. Jina hilo linatoka katika wimbo wa mvuvi wa kale, aliyekutana na Qu Yuan, waziri aliyefukuzwa, akizurura kando ya mto kwa huzuni. Mvuvi alitabasamu, akapiga makasia, akaimba: maji ya Canglang yakiwa safi nitafulia kamba za kofia yangu, yakiwa machafu nitaoshea miguu yangu. Kofia ni ile ya uafisa. Qu Yuan hakuweza kuupokea wimbo huo, na inasimuliwa kwamba alijitosa mtoni. Su Shunqin aliupokea.

Rafiki yake Ouyang Xiu aliposikia bei aliyonunulia, alimwandikia shairi akasema kwamba upepo safi na mwezi mweupe havina bei, inasikitisha vimeuzwa kwa elfu arobaini tu. Mwaka 1048 serikali ilimrudishia Su Shunqin cheo. Alifariki mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 40 hivi.

Kibanda kilichopo sasa si kile cha kwanza, nacho kiko juu ya kilima, si kando ya maji. Kwenye nguzo zake mbili za mawe kumechongwa mistari miwili. Wa kwanza ni ule wa Ouyang Xiu, kwamba upepo safi na mwezi mweupe havina bei. Wa pili ni wa Su Shunqin mwenyewe, aliouandika alipokuwa akipita Suzhou: maji ya karibu na milima ya mbali, vyote vina upendo. Msomi mmoja wa enzi ya Qing, zaidi ya miaka mia saba baada yao, ndiye aliyeichukua mistari hiyo kutoka katika mashairi mawili tofauti na kuiweka uso kwa uso, na pale katikati ya nguzo hizo pana nafasi ya kukaa.